Pembe zinainuka, kete zinayumba: kutatua matatizo ya mkeka wa kitambaa wa michezo

Nashona mikeka ya michezo nyumbani kwangu Mbagala. Si mikeka ya ukindu. Ni kitambaa cha kutandika mezani au barazani, watu wakachezea drafti, ludo, karata au dhumna, na mchezo ukiisha unakiviringisha, unakifunga tepe na kupanda nacho daladala. Siku hizi wengi wanajishonea wenyewe, na wengi wananiletea kazi yao baada ya mwezi wakilalamika kwamba cherehani ni mbovu. Nikifumua, mara chache sana nakuta kosa ni la cherehani. Kosa lilitokea kabla sindano haijashuka: kitambaa hakikufuliwa, au kilikatwa kombo, au sindano ni ileile iliyoshona sare za shule tangu Januari.

Ndiyo maana katika kila dalili hapa chini naanza na sababu inayotokea zaidi, na ukaguzi usiohitaji bisibisi. Skrubu ziache mpaka kila kitu kingine kiwe kimeshindikana.

Mkeka ninaouzungumzia una tabaka tatu. Juu ni kadeti au jinzi nyepesi ya rangi moja, katikati ni sponji ya milimita 3 au blanketi kuukuu, chini ni kitambaa chenye raba kisichoteleza. Kwa drafti na ludo, sentimita 60 kwa 60 zinatosha; kwa karata za watu wanne, fanya 90 kwa 90. Kitenge ni kizuri kwa pindo, lakini juu sikishauri, kwa sababu maua yake yanameza karata na macho yanachoka kabla ya mchezo kuisha.

Pembe zinainuka, mkeka hautandiki

Hili ndilo lalamiko la kwanza kwa wingi, na mara nyingi linaanza baada ya mkeka kufuliwa mara ya kwanza.

Sababu kubwa ni kitambaa kurudi, yaani kupungua urefu na upana. Pamba mpya ikilowa inarudi. Raba na sponji hazirudi. Chukua mkeka wa sentimita 90: kadeti ikirudi kwa asilimia 3 tu, imepungua karibu sentimita 2.7, na tabaka la chini limebaki vilevile. Zile sentimita lazima ziende mahali, na zinaenda kwenye pembe. Ukaguzi wake ni rahisi. Laza mkeka kifudifudi, upande wa kuchezea ukitazama chini. Kama sasa unatuna katikati kama bakuli lililofunikwa, tabaka la juu limekuwa fupi. Pasi haitalirefusha. Fumua upande mmoja au miwili, mkeka ujilaze wenyewe, kata kilichozidi cha tabaka la chini, kisha ushone upya. Safari ijayo, ukitoka Kariakoo na kitambaa, kiloweke, kianike, kipige pasi, ndipo ushike mkasi. Nimeona watu wanaogopa kufua kitambaa kipya kwa sababu kinapoteza mng'aro wa dukani. Ule mng'aro ni wanga wa kiwandani, na utatoka tu siku ya kwanza chai itakapomwagika.

Sababu ya pili ni pindo lililovutwa. Ukanda wa pindo uliokatwa hanamu, yaani mshazari wa nyuzi, unanyumbuka, na mkono wa mshonaji huwa na tabia ya kuuvuta ili ukae vizuri. Ukishaachia, unajirudi na kukunja ukingo wote. Utaitambua dalili hii kwa sababu katikati mkeka umelala vizuri kabisa na kingo pekee ndizo zina mawimbi. Fumua pindo tu. Lishone tena bila kulivuta kwenye mistari iliyonyooka, na kwenye pembe ulilegeze kidogo.

Ya tatu: kitambaa kilikatwa bila kufuata uelekeo wa nyuzi. Mkeka uliokatwa kombo unajipinda mshazari, pembe mbili zinazotazamana zinainuka na nyingine mbili zinalala. Huu hautengenezeki vizuri. Mimi huukata upya uwe mdogo zaidi, nikianzia kwenye uzi mmoja niliouvuta kutoka kitambaani ili kupata mstari wa kweli.

Ya nne, wala si kosa la kushona: mkeka ulikunjwa badala ya kuviringishwa. Viringisha upande wa kuchezea ukiwa nje. Unapokuja kuutandika, pembe zinajisukuma kuelekea mezani badala ya kuelekea juu.

Onyo kuhusu pasi: usiipitishe juu ya sponji au raba ikiwa ya moto sana. Sponji inayeyuka na kutoa moshi mbaya kwa mapafu. Piga pasi kabla ya kuunganisha tabaka, na ukilazimika baadaye, weka kitambaa chenye unyevu katikati na moto mdogo. Wenye pasi ya mkaa, wapigie mbali na sponji. Cheche moja inatosha kuanzisha moto.

Tabaka la juu limetambaa, mikunjo imejaa mwisho wa mshono

Ulianza vizuri, ukafika mwisho ukakuta tabaka la juu limezidi la chini kwa kidole kizima. Meno ya cherehani yanasukuma kitambaa cha chini, na kile kiguu cha kukandamizia kinashikilia cha juu. Juu ya sponji tofauti hiyo inazidi.

Pini peke yake hazitoshi kwenye sponji. Piga bandi kwa mkono, yaani mshono wa muda wa hatua ndefu za sentimita 4 au 5, ukianzia katikati ya mkeka kwenda kila ukingo. Ni kazi ya robo saa, na itakuokoa nusu siku ya kufumua. Kisha ongeza urefu wa hatua ya cherehani ufike milimita 3 au zaidi kidogo. Kama raba inagandia bati la cherehani na haitaki kusogea, weka karatasi ya gazeti chini yake, shona juu ya karatasi, ukimaliza uichane. Baada ya yote hayo, kama mkunjo bado upo, punguza nguvu ya kiguu kwa kulegeza kidogo ile skrubu ya juu ya nguzo yake. Zungusha nusu mzunguko, jaribu kwenye kipande, ndipo uendelee.

Miraba ya drafti haikutani

Drafti ni miraba 8 kwa 8, yaani 64. Ludo ni gridi ya 15 kwa 15. Hesabu hizi ndizo zinazowaangusha watu.

Tuchukue drafti ya miraba ya sentimita 5, iliyoshonwa kwa vipande vya rangi mbili. Kila ukanda unakatwa sentimita 7, ili sentimita 1 iingie kwenye mshono kila upande. Sasa, ukila milimita 1 tu zaidi kila upande, kila mshono umemeza milimita 2. Kanda 8 zina mishono 7, kwa hiyo ubao mzima umepungua milimita 14. Badala ya sentimita 40 unapata 38.6, na miraba ya ndani ni 4.8 badala ya 5. Milimita moja hujaiona kwa macho, lakini ukishaanza kuunganisha safu kwa safu, misalaba yote inapishana.

Anza kwa kupima kanda, si mishono. Kama kanda zenyewe zina upana tofauti, mkasi ndio uliokosea. Kama kanda ni sawa, kosa liko kwenye nafasi ya mshono, ule ukingo unaoingia ndani. Bandika kipande cha plasta kwenye bati la cherehani, sentimita 1 kamili kutoka sindano inapoingia, na uongoze ukingo wa kitambaa uguse plasta hiyo mwanzo hadi mwisho. Usiitazame sindano. Itazame plasta. Nilipowafundisha vijana wawili wa mtaani kwangu jambo hili, lilibadilisha kazi yao kuliko chochote kingine nilichowaonyesha.

Njia isiyochosha ni kushona kanda 8 ndefu kwa kupishanisha rangi, kisha kulikata shuka hilo kwa upande wa pili kila sentimita 7, na kugeuza kipande kimoja kwa kingine kabla ya kuunganisha. Unakata mara chache na makosa yanapungua.

Ludo usiishone kwa vipande vyote 225. Chora gridi kwa rangi ya kitambaa, kisha shonea juu zile nyumba nne za rangi. Mraba wa sentimita 3.5 unakupa ludo ya sentimita 52.5, na kwenye mkeka wa 60 pindo linabaki la kutosha. Makapeni ya kawaida sishauri: wino wake unatambaa kwenye nyuzi, na baada ya jasho la mikono ya watu wanne njia ya kijani inaingia kwenye njia ya njano.

Mshono unaruka au uzi unakatika

1. Sindano imechoka au si saizi yake. Badilisha kabla ya kufanya lolote. Kwa kadeti na sponji tumia namba 90/14. Kwa jinzi mbili na pindo lake, 100/16. Ipitishe ncha ya sindano uliyotoa juu ya soksi ya nailoni: ikinasa, tupa.
2. Sindano haikufika juu kabisa, au imegeuzwa. Ule mfereji mrefu wa sindano unakaa upande ambao uzi unaingilia.
3. Uzi wa bei ya chini, wenye vinundu. Vuta mita moja katikati ya vidole, vinundu utavihisi. Uzi wa polista unastahimili kuviringishwa na kufunguliwa kila siku kuliko wa pamba.
4. Gundi. Waliogandisha tabaka kwa gundi ya maji badala ya bandi hukuta sindano inanata. Futa sindano kwa spiriti, na safari ijayo weka gundi mbali na njia ya mshono.
5. Pembe ni nene mno. Punguza kitambaa kilichomo ndani ya pembe, kisha pita hapo kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono, si kwa kukanyaga.

Kama umefanya yote matano na bado inaruka hata kwenye kipande cha kanga, au sindano inagonga chuma, simama. Mpangilio wa sindano na ndoano ya chini, ile inayodaka uzi, umehama. Hiyo ni kazi ya fundi wa cherehani. Anayejaribu kuurekebisha kwa kubahatisha huvunja ndoano, na ndoano ni ghali kuliko ujira wa fundi.

Viota vya uzi chini ya kitambaa

Juu mshono ni safi, chini ni fundo juu ya fundo. Watu wote hukimbilia bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, kwa sababu fujo iko chini. Tatizo liko juu. Uzi wa juu haukubanwa, basi unavutwa chini bila kipimo.

Toa uzi wote, inua kiguu, upitishe upya. Kuinua kiguu ndiko kunakofungua zile sahani zinazobana uzi. Ukipitisha kiguu kikiwa chini, uzi unakaa juu ya sahani, hauingii kati. Hii inahusu cherehani nyeusi za Butterfly na Singer zilizojaa majumbani mwetu sawasawa na zile za umeme. Ukianza mshono, shika ncha za nyuzi zote mbili kwa hatua tatu za mwanzo. Kisha ndipo ufungue chini na kupiga mswaki vumbi. Jinzi na blanketi hutoa manyoya mengi ajabu. Skrubu ndogo ya kijumba cha bobini iguse mwisho kabisa, robo mzunguko kwa wakati, ukiwa umeandika ilikuwa wapi.

Mkeka unateleza au unapeperuka

Meza za plastiki na sakafu ya marumaru zinateleza, na vumbi linazidisha. Futa meza kwanza, halafu futa raba ya chini kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo. Nusu ya mikeka "iliyochakaa" niliyoletewa ilikuwa na vumbi tu. Kama chini uliweka bitana ya kuteleza, shonea vipande vinne vya raba kwenye pembe, vya sentimita 8 kwa 8. Huna haja ya kubadilisha tabaka zima.

Upepo ni habari nyingine. Wanaocheza ufukweni Coco Beach au kwenye baraza zinazotazama bahari wanaujua kusi wa miezi ya katikati ya mwaka. Kuna wanaoshonea washa za chuma ndani ya pembe ili mkeka uwe mzito. Kwenye hewa ya chumvi washa hizo zinashika kutu na kutoa doa la kahawia ambalo halitoki. Mimi nashonea kitanzi cha tepe kila pembe, kisha kamba fupi inafungwa mguu wa meza. Lastiki ni nyepesi kutumia lakini joto la huku linaimaliza.

Kete zinanasa, zinayumba, au karata haziokoteki

Vijiweni drafti huchezwa kwa vizibo vya soda. Kizibo kina meno 21, na kila jino ni ndoano ndogo. Juu ya kitambaa kilichofumwa kwa ulegevu, kizibo kinavuta uzi kila kinaposogezwa. Kama mkeka wako una vinyuzi vilivyochomoka katikati ya ubao, hilo ndilo jibu. Usivikate, vivute kwa sindano vitokee upande wa chini. Dawa ya kudumu ni kitambaa kilichofumwa kwa kubana, au kumwomba mwenye vizibo avigeuze meno yatazame juu. Mzee mmoja wa kijiwe cha karibu yangu alikataa katakata kuvigeuza, kwa sababu kwake kizibo kilichogeuzwa ni kingi, kile kilichokwisha kufika mwisho wa ubao. Ana haki. Nikambadilishia kitambaa.

Kete ikiyumba, imekaa juu ya mshono mnene. Geuza kitambaa, fungua nafasi za mshono kwa pasi zilale pande zote mbili, badala ya kurundikana upande mmoja. Tatizo hili lazima lishughulikiwe kabla ya sponji kuingia. Baada ya hapo ni kufumua.

Karata zisipookoteka, mkeka ni mgumu na mwembamba: kidole hakipati mahali pa kuzama ili kuinua ukingo wa karata. Milimita 2 au 3 za sponji zinatosha. Ukizidisha, dhumna zinalala upande zinaposimamishwa.

Madoa ya kahawa na rangi inayochuja

Kahawa chungu na kashata ndio majirani wa mkeka, kwa hiyo doa litakuja. Gandamiza kwa kitambaa kikavu, usisugue. Kisha maji baridi na sabuni ya unga. Sabuni ya mche iache, kwa doa la kahawa inaweza kulifanya ling'ang'anie.

Kuhusu rangi: kabla ya kushona, sugua kitambaa kwa kitambaa cheupe kilicholoweshwa. Kikitoka na rangi, fua mara mbili au tatu mpaka maji yawe meupe. Maji ya chumvi ambayo wengi hulowekea kanga mpya sijawahi kuyaona yakizuia kadeti nyekundu kuchuja. Nafua tu mpaka iishe, na isipoisha, kitambaa hicho kinakuwa pindo la mkeka mweusi.

Harufu na vidoa vyeusi vya ukungu

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mkeka ulioviringishwa ukiwa na unyevu kidogo tu unaota ukungu. Raba ya chini inazuia maji kutoka, na sponji inayahifadhi.

Harufu pekee, bila vidoa: anika juani siku nzima, upande wa kitambaa juu asubuhi, upande wa raba mchana. Vidoa vichache: futa kwa siki, acha nusu saa, suuza, anika. Jiki itaondoa vidoa lakini itaondoa na rangi ya miraba. Na hili lishike sana: usichanganye jiki na siki, wala jiki na dawa ya kusafishia yenye amonia. Mchanganyiko huo unatoa hewa ya sumu, na kwenye bafu dogo lisilo na dirisha unaweza kukuangusha. Ukungu ukishaingia kwenye sponji kiasi cha kuonekana upande wa chini, toa sponji na uitupe. Mwenye pumu nyumbani asipewe kazi ya kuufumua mkeka huo.

Mahali pa kuweka mkasi chini

Cherehani ya umeme inayotoa harufu ya kuungua, cheche, au inayokutekenya mkono ukigusa bati: chomoa plagi, usiifungue. Umeme ukikatika katikati ya kazi, chomoa pia, usubiri urudi na utulie. Ndani ya mota kuna sehemu zinazoweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa, na fundi wa umeme anajua kuzituliza.

Sindano ikipenya kidole na kuvunjikia ndani, usichimbe kwa pini. Gandamiza pembeni mwa jeraha, si juu ya sindano, na uende hospitali, ubebe na kipande kilichobaki ili daktari aone kimekosekana kiasi gani. Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda.

Unapompelekea fundi cherehani, usipeleke cherehani tupu. Beba sindano uliyokuwa unatumia, uzi uleule, bobini yake, na kipande cha tabaka tatu cha ukubwa wa kiganja, chenye mshono mbaya ulivyotokea. Kwenye kanga nyembamba karibu kila cherehani inashona vizuri, na fundi atakurudishia akisema haina tatizo.